Kaya Namba Arobaini na Moja Haifai

Ramani ilifika Mlagano ikiwa imeviringishwa ndani ya bomba la plastiki, na mwenyekiti wa kijiji akaitundika ukutani juu chini. Watu waliitazama hivyo kwa karibu nusu saa, wakakubaliana kwamba ni nzuri. Ndipo mtendaji wa kijiji alipotoka ofisini, akapinda shingo kujaribu kusoma, akaamuru igeuzwe. Waliokuwa wamekwishajiona kwenye kijani wakajikuta kwenye nyekundu, waliokuwa wakilalamika wakanyamaza, na kelele zikaanza upya kwa midomo mingine.

"Kijani, ardhi inafaa sana kwa karafuu na pilipili manga," mtendaji alieleza huku akinyoosha rula. "Njano, inafaa kwa masharti. Nyekundu, haifai. Wa kijani na wa njano mtapewa miche ya mradi na mkataba wa kununuliwa mazao. Wa nyekundu..." Alitafuta neno la upole, akalikosa. "Wa nyekundu mtulie."

"Nani kapima?" mtu akauliza.

"Kompyuta. Imechukua mvua, mteremko, udongo, na picha za setilaiti."

"Hiyo setilaiti ilipita lini? Mbona hatukuiona?"

"Ilipita umelala," mtendaji akasema, akaanza kusoma majina.

Kaya namba arobaini ilikuwa ya Saada, jirani wa ukuta kwa ukuta wa Mosi. Inafaa sana. Saada akapiga kigelegele, halafu akajifunga khanga upya kama mtu anayejiandaa kuhojiwa na redio. Kaya namba arobaini na moja, Mwinjuma Kibwana.

"Haifai," alisoma mtendaji, akakohoa, akaenda kwa arobaini na mbili.

"Rudia hapo," alisema Mosi.

Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na saba, mfupi, mwenye sauti ambayo haikuhitaji kipaza sauti hata kwenye mkutano wa kampeni. Alisogea hadi ukutani, akatafuta mto, akatafuta kilima, akaweka kidole mahali shamba lake lilipo. Kidole kilitua katikati ya wekundu mtupu. Ubavu mzima wa mlima ulikuwa mwekundu kama jeraha la goti.

"Ndizi mlizopikia wageni wa Mwenge zilitoka wapi?" aliuliza. "Na yale magimbi mtendaji uliyopeleka kwenu sikukuu? Yaliota kwenye ardhi isiyofaa?"

"Mama Sabra, mimi si kompyuta."

"Hilo naliona. Kompyuta ingekuwa na aibu."

Watu walicheka. Mumewe, Mwinjuma, alikuwa amesimama nyuma kabisa, akitafuna kijiti na kuvitazama viatu vyake kwa makini, kana kwamba navyo vingesomewa matokeo. Mosi alipogeuka kumtafuta, hakuwapo tena.

Kesho yake asubuhi alikuja Mjomba Mwinshehe, ndugu wa marehemu mama yake Mosi. Alikuwa na fimbo, kofia ya vito, na simu mpya kubwa ya kioo ambayo hakujua kuipunguza sauti. Kila ujumbe ulioingia ulilia kama kuku aliyekanyagwa.

Uluguruni ardhi hufuata tumbo la mama. Shamba la juu alilima bibi yake Mosi, akalima mama yake, sasa analima yeye. Lakini mwenye kulisemea mbele ya ukoo ni mjomba, na kwa miaka mitatu mjomba huyu alikuwa akitafuta sababu. Tajiri mmoja wa mjini, Yakobo, alitaka kujenga nyumba za wageni pale juu, ili watalii wakae barazani watazame maporomoko ya maji. Ukoo ulikuwa umekataa mara mbili. Nani anauza shamba linalolisha watu?

"Mwanangu, nimesikia habari za ramani," Mwinshehe alisema baada ya kupokea shikamoo na chai. "Nimesikitika sana."

"Naona umesikitika mpaka ukanunua simu."

"Hii nimepewa na mtu tu, kwa upendo." Simu ikalia. Akaipiga kofi, ikalia tena. "Wataalamu wamesema haifai. Tung'ang'anie ardhi mbovu ya nini? Ukoo utakaa Jumamosi ya wiki ijayo. Safari hii hakuna atakayekataa. Sayansi imekwishasema."

"Na mimi nitalima wapi?"

"Kuna kipande kule bondeni kwa Mzee Said."

"Kile kinachofurika?"

"Kinafurika Aprili tu," alisema mjomba, akamalizia chai.

Mwinjuma alikaa kwenye kigoda muda wote huo bila kutia neno. Mjomba alipoondoka, Mosi alimwuliza kama ulimi wake nao umepimwa ukaonekana haufai. Mwinjuma alisema anakwenda kuangalia mbuzi. Hawakuwa na mbuzi tangu mwaka juzi.

Jumatatu Mosi alishuka mjini na kiroba cha udongo. Alilala Kihonda kwa binti yake, Sabra, ambaye alimsihi aache kiroba nyumbani asije akaonekana mshamba. Hakukiacha. Ofisi ya mradi ilikuwa kwenye nyumba ya kupanga maeneo ya Kilakala, yenye geti jeusi na mlinzi aliyekuwa na kiti cha enzi kikubwa kuliko cha mkurugenzi.

"Mama, una miadi?"

"Nina udongo."

"Hapa hatununui udongo."

"Na mimi siuzi. Nataka mwenye kompyuta."

Alikalishwa juani saa moja na nusu. Watu waliingia na kutoka, na kila aliyetoka alikiruka kiroba kama kina nyoka. Mwishowe mlinzi mwenyewe alichoka kumtazama, akaenda kumwita msichana mmoja mwembamba mwenye miwani aliyekuwa anakula chipsi.

Aliitwa Jesca, mtu wa Tukuyu, na ramani ile ndiye aliyeitengeneza. Alimwamkia Mosi, akamkaribisha ndani, akafuta mikono, akafungua kompyuta. Mosi alitarajia kuona ramani ileile ya ukutani. Badala yake akaona mlima wao wenyewe umepigwa picha kutoka juu, na paa za bati, na barabara, na hata mkorosho wa Saada.

"Kaya arobaini na moja," Jesca alisema, akavuta picha karibu. Kikatokea kidoti cheusi. "Udongo tulichukulia hapa."

Mosi aliinama mpaka pua ikakaribia kioo. Kidoti kilikuwa kando ya barabara, kwenye duara la rangi ya maziwa ya chai.

"Hapa si shambani. Hapa ni shimo la matofali."

"Shimo la nani?"

"La mume wangu. Alilinunua zamani afyatue matofali. Sasa vyura ndio wanaofyatua vyura wenzao."

Jesca alifungua jedwali la vipimo, akasoma, na masikio yake yakaanza kubadilika rangi. "Ndiyo maana. Nilishangaa, udongo wa juu wote haupo..."

"Umo kwenye kuta za shule."

"Na upande ule wa mlima sampuli ilikuwa hii moja tu. Sehemu nyingine zote modeli ikajaza yenyewe."

"Ikajaza kwa kujuaje?"

"Kwa kukisia, mama. Inaangalia kilichopo jirani."

"Kumbe inakisia kama sisi."

"Inakisia," alikiri Jesca, "ila kwa desimali."

Mosi alifungua kiroba. Jesca alichota udongo mweusi, akaudondoshea maji ya chupa, akaufinyanga kati ya vidole, akaunusa. Aliomba radhi mara mbili. Kisha akageuza kioo kumwonyesha fomu. Mwenye kuonyesha shamba: Mwinjuma Kibwana, mkuu wa kaya. Kulikuwa na sahihi, na picha: Mwinjuma amesimama katikati ya shimo, mikono kiunoni, kifua mbele. Na tarehe. Mosi aliikumbuka tarehe ile, kwa kuwa ilikuwa siku ya mechi ya watani wa jadi, na kijiji kizima kilikuwa kimejazana kwenye banda la televisheni saa kumi na moja.

Kutoka barabarani hadi shamba la juu ni mwendo wa saa moja na nusu. Hesabu yake haikuhitaji kompyuta.

Siku iliyofuata mchana Mwinjuma aliketi kula. Mosi alimnawisha, akamwekea sahani iliyofunikwa kawa, akakaa mbele yake. Mwinjuma akafunua. Ndani mlikuwa na bonge la udongo mweupe, umefinyangwa vizuri duara kama ugali, na pembeni jani la mgomba kuwa mboga.

"Nini hiki, Mama Sabra?"

"Ndiyo mavuno ya shamba letu. Lile ulilowaonyesha wapimaji. Karibu."

Mwinjuma alilifunika tena lile bonge.

"Goti lilikuwa linauma," alisema.

"Goti hilohilo lililokimbilia mpira?"

"Lilikuwa linauma kabla ya mpira."

"Ulishinda?"

"Tulitoka sare."

"Umeliuza shamba la mama yangu kwa sare!" Mosi alisimama. Saada, upande wa pili wa ukuta, alizima redio yake ili asikie vizuri. "Ungefungwa basi ningesema Mungu kalipa. Sare! Miaka ishirini na sita nakula na wewe sahani moja, kumbe nakula na shimo!"

Alitegemea mumewe abishe, kwa sababu kubisha ndiko alikokujua. Mwinjuma hakubisha. Alichukua lile bonge, akatoka nalo nje, akaliweka taratibu chini ya mnazi, akaenda kukaa mbali nalo. Siku hiyo alishinda na njaa. Mosi naye hakula, ingawa mboga ilikuwa kisamvu cha nazi.

Alhamisi, kama alivyoahidi, Jesca alikuja na kishikwambi, mifuko ya sampuli, na chuma kirefu cha kuchimbulia udongo kilichopinda mwishoni kama kizibuo cha chupa. Mwinjuma alimpokea chuma begani bila kuambiwa. Walipanda. Jesca alianguka mara nne, na mara ya nne alikaa palepale akauliza kama kina mama wa huku huzaliwa na miguu ya mbuzi. Mosi alimpa ndizi, akamwambia bado nusu.

Walichimba matundu tisa. Mwinjuma ndiye aliyezungusha chuma, jasho likimtiririka hadi kwenye ndevu, na kila tundu alilisafisha kwa mkono kama anatafuta pete. Katikati ya shamba, penye migomba na magimbi, Jesca alichomoa udongo akatabasamu. Chini, karibu na kijito, alitikisa kichwa akasema panahitaji samadi. Juu kabisa, pale ubavu wa mlima unaposimama kama ukuta, alipima mteremko, akapima tena, akavua miwani.

"Mama, hapa siwezi."

"Huwezi nini? Mahindi nimevuna hapa."

"Magunia mangapi?"

"Debe mbili."

"Udongo unashuka. Mvua moja kubwa, shamba lote la chini linafukiwa. Hapa pasiguswe jembe kabisa. Panahitaji miti, mizizi ishike."

"Babu zetu walilazimishwa na Mwingereza kuchimba matuta milima hii, wakakataa mpaka mtu akapigwa risasi. Leo wewe mtoto unaniambia nisilime?"

"Sikulazimishi, mama. Nakwambia."

"Mwanangu," Mosi alishusha sauti, jambo lililomshangaza hata Mwinjuma. "Keshokutwa nakaa na ukoo. Weka kijani. Rangi si zako?"

Jesca aliusafisha mkono wake kwenye suruali. Ilionekana angependa sana kuwa mahali pengine, hata kule kwenye matope alipoanguka. "Nimekwishakosea mara moja kwa kuweka rangi mahali nisipopajua," alisema. "Sasa napajua. Nikidanganya hapa juu, mjomba wako atasema na huko chini nimedanganya."

Mosi alitangulia kushuka.

Jumamosi ukoo ulikaa uani kwa Mwinshehe, wanaume kwenye benchi, wanawake kwenye mikeka, na Yakobo wa mjini kwenye kiti cha gari lake, mlango wazi, kwa heshima. Mtendaji alileta ramani mpya iliyotumwa usiku kwa simu na kuchapishwa kwa rangi stendi ya Matombo. Katikati kijani. Chini njano. Juu, thuluthi nzima, nyekundu.

Mwinshehe aliikagua kwa muda. Simu ililia, akaikalia.

"Vizuri sana," alisema. "Mosi abaki na kijani chake, nani anamkatalia? Tunauza nyekundu. Bwana Yakobo yeye anataka hukohuko juu, kwenye kuonekana maporomoko."

Watu walianza kutikisa vichwa kukubali, kwa kuwa ilisikika kama haki. Mosi alisimama, akaeleza kwamba ukichimba misingi pale juu mlima utamshukia yeye na kijani chake, kwamba msichana wa kompyuta kasema hivyo. Mwinshehe akamwuliza kama huyo ndiye msichana aliyesema wiki iliyopita kwamba lote halifai. Sasa tumwamini lipi? Wanaume wakacheka. Mosi alijibu, na kwa mara ya kwanza tangu watu wamfahamu, sauti yake ilifunikwa na kicheko.

Hapo Mwinjuma akasimama. Mkwe hasemi kwenye kikao cha ukoo. Hata kiti alikuwa hakupewa, aliegemea banda la kuku.

"Najua sina neno hapa," alisema. "Msichana hakukosea. Nilikosea mimi. Wale vijana walipokuja, mmoja aliniamkia, akasema, mzee, shamba lako liko wapi? Nimelima kule juu miaka ishirini na sita. Hakuna mtu amewahi kuniuliza shamba langu liko wapi. Kule ni kwa Mosi, kabla yake kwa mama yake, na mimi nabeba jembe. Sasa akasema, lako. Nikasema moyoni, lako? Si ninalo. Nikawapeleka kwenye shimo. Nimelinunua mwenyewe, lina karatasi ya kijiji. Wakanipiga picha. Mpira ulikuwepo, sikatai. Lakini hata usingekuwepo ningewapeleka palepale."

Simu ya Mwinshehe ililia chini ya makalio yake, sauti ikatoka imebanwa.

Bibi Mwaisha, mkubwa wa wanawake wa ukoo ule, alikuwa amesinzia tangu mwanzo, au alijifanya. Alipangusa ugoro puani.

"Kwa hiyo uliliuza shamba la mkeo kwa sababu ya shikamoo," alisema.

Wanawake waliangua kicheko, wengine wakalala mikekani. Mwinjuma mwenyewe alicheka kidogo, kwa aibu, akafuta macho. Mosi hakucheka. Alikuwa anamtazama mumewe kama mtu aliyeingia nyumbani kwake akakuta chumba ambacho hakuwahi kukifungua.

"Mwinshehe," bibi aliendelea, "hiyo simu unayoiatamia kakupa nani?"

"Ni zawadi tu, dada."

"Mrudishie mwenyewe, yumo garini pale. Ardhi haiuzwi, si kijani wala nyekundu. Nyekundu ipandwe miti. Nani atapanda kule? Mimi mbuzi wangu wenyewe hupita kule wakiomba dua."

Vijana wa ukoo walitazama angani. Mwinjuma akainua mkono.

Hilo halikuwa jambo dogo, na kila mtu pale alilijua. Mkwe hulima mahindi, mahindi huvunwa yakaisha. Mti haumaliziki. Anayepanda mti kwenye ardhi ya watu amepanda na neno lake humo, na watoto wake watalidai. Ndiyo maana katika miaka yote ile Mwinjuma hakuwahi kupanda hata mpapai.

Bibi Mwaisha alimkagua toka kichwani hadi kwenye lile goti.

"Mosi, wasemaje?"

Mosi aliikaza khanga yake kiunoni.

"Apande," alisema. "Ila matundu achimbe mwenyewe."

"Basi apande," bibi alisema. "Akiteleza asidai fidia."

Yakobo alifunga mlango wa gari. Mwinshehe alimfuata na simu mkononi, bado inalia.

Mvua za masika zilipoanza, mradi ulileta miche. Mosi alipata karafuu sitini na vijiti vya pilipili manga, akavipanda kwenye kijani kwa siku mbili, Saada akija kumsaidia na kumkosoa. Mwinjuma alipewa mikangazi arobaini kutoka kitalu cha wilaya, akaibeba juu kwa ungo, safari nane.

Siku ya tatu Mosi alimpelekea chakula. Alimkuta amelala kifudifudi kwenye ule mteremko, mkono mmoja umekamata kisiki, mwingine unachimba kwa kisu, mche umeubana kwa meno. Ishirini na mmoja ilikuwa imesimama nyuma yake, kwa mstari uliopinda vibaya sana.

"Utakufa hapo," Mosi alisema.

Mwinjuma alitoa mche mdomoni. "Bado kumi na tisa."

Mosi aliweka chakula kwenye jiwe. Alifungua khanga yake ya juu, akapanda kwa magoti hadi alipokuwa mumewe, akaipitisha kiunoni mwake, akaikaza, akazifunga ncha mbili kwenye mkono wake mwenyewe. Kisha akakita visigino kwenye tope.

"Sasa tumia mikono yote miwili," alisema. "Na ukianguka usinivute."

"Nikianguka nakuvuta," alisema Mwinjuma, akaanza kuchimba.